Mwekezaji Wangu

3 Machi

Kuta zimeanza kutoka jasho. Kila mwaka Guangzhou hufanya hivi kabla mvua hazijashika: joto linarudi ghafla, nyumba bado ina baridi ndani yake, basi maji yanatoka kwenye vigae, kwenye dari, kwenye kioo cha bafu. Nguo nilizofua Jumapili bado mbichi. Mikoba ya sampuli niliyotoa Shiling, kule kwenye viwanda vya mikoba, imeota ukungu kwenye kona, na ile nyeupe ndiyo imechafuka zaidi. Nimeifuta kwa siki mpaka chumba kikanuka achari. Achieng, binti ninayekaa naye, ameamka saa tatu, akanawa uso, akasema, "Anti, si ungefunga tu madirisha." Nimeishi mtaa huu wa Sanyuanli tangu yeye akiwa shule ya msingi, leo ananifundisha kufunga madirisha.

5 Machi

Bosi Liang amejibu.

Miaka miwili namfuata mtu huyu. Ni shemeji yake Bosi Chen, yule anayeniuzia mikoba Shiling, na ana kiwanda cha kukausha viazi vitamu huko ndani mkoani, safari ya nusu siku kwa gari. Nilimwona mara ya kwanza kwenye karamu ya Chen, akila viazi vyake mwenyewe kutoka kwenye mfuko. Nikamwonyesha kwenye simu picha za shamba la kaka yangu Odhiambo kule kwetu Kabondo, Kenya: viazi vyekundu kwa nje, vya njano ndani, vimelundikwa mpaka kiunoni mwa mtu. Akauliza bei. Nilipomwonyesha akadhani nimebonyeza vibaya kalkuleta.

Tangu siku hiyo nina neno moja kichwani: kiwanda, na kiwe kwetu. Kule Kabondo madalali wanakuja na malori, wanadai gunia lijazwe lumbesa, yaani lipite mdomo na kushonewa kofia juu, na bei ni ile ile ya gunia la kawaida. Mvua ikiharibu barabara hawaji kabisa, viazi vinaozea ardhini. Mama yangu ametajirisha madalali maisha yake yote. Kiwanda kikija, kitapima kwa mizani. Na watu watasema aliyekileta ni Anyango. Nataka yote mawili, sioni aibu.

Liang anasema anatafuta mahali nje pa kununua viazi na kuvikaushia huko huko, kwao vibarua wamekuwa ghali. Anataka kuonana na wakulima wenyewe. Nimemjibu kwenye WeChat, ndiyo WhatsApp ya hapa, kwa vile vipicha vya kidole gumba na maua.

8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Chen amenipunguzia bei ya mikoba na kunipa chungwa moja.

12 Machi

Niandike kidogo juu ya Achieng, maana leo amenipandisha hasira.

Mama yake niliuza naye mitumba Gikomba. Ni Waluo kama sisi, ila ni watu wa Ugenya, mbali na Kabondo. Binti alipata ufadhili wa kusoma Wuhan, akamaliza, kazi hakuna, mama yake akaniomba nikae naye mpaka mambo yamnyookee. Nikampa chumba kidogo. Nikamnunulia koti. Nikamfundisha kazi ya uajenti, na kazi hii ina amri moja: mteja na kiwanda wasijuane. Unamleta mteja, unamwonyesha mali, unasimama katikati. Kadi za biashara unazikusanya wewe. Stika ya kiwanda kwenye sampuli unaibandua njiani. Mteja akitoa simu askani WeChat ya muuzaji, wewe unapata jambo la haraka la kumwita pembeni. Wakishajuana, mwakani mteja anaagiza akiwa kitandani kwake, na wewe unabaki unapiga miayo.

Leo tulikuwa na Rotich, mteja wa viatu kutoka Eldoret, katika jengo moja la maduka ya jumla pale mtaa wa Guangyuan Xilu. Nikaenda kutafuta wabebaji wa mizigo. Kurudi nakuta Achieng amewaweka Rotich na mama muuzaji uso kwa uso, kila mmoja ameshika simu, wanaskani huku wakicheka.

"Achieng, unafanya nini?"

"Huyu laoban, mwenye duka, anataka kumtumia picha za stock mpya, Anti. Ni rahisi wakiongea direct."

"Rahisi kwa nani?"

Nyumbani nilimrudia ile amri tangu mwanzo. Akasikiliza vizuri tu, akaosha vyombo, kisha akaniuliza kama nimewahi kupoteza mteja mwaminifu. Nilimwambia wateja waaminifu ni wale wasio na nambari za watu.

15 Machi

Ukungu umerudi kwenye mikoba.

19 Machi

Kichina changu ni cha sokoni. Najua bei gani, najua ghali mno, najua meiyou, hakuna, neno ambalo hapa utalisikia kabla hujamaliza swali. Kwa mengine nina kalkuleta na mikono. Achieng anaongea Kichina cha kukaa na watu. Leo mlinzi wa geti letu, mzee ambaye mimi hunijibu kwa kidevu, amemsimulia habari za nyonga yake, za mkewe na za mtoto wake asiyetaka kuoa. Nilisimama na mifuko ya mboga nikingoja wamalize.

"Amesema nini?"

"Ah, story tu, Anti."

Story tu. Mimi hajawahi kunipa hata moja.

27 Machi

Mwalimu William amepiga simu. Ndiye mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima wa viazi kwetu. Alistaafu ualimu akaingia kwenye viazi, na bado anaongea kama anayesahihisha insha ya mtu. Anakuja kwenye maonyesho ya biashara ya Aprili hapa Guangzhou kutazama mashine, yeye na Getrude, mweka hazina wao. Nikamwambia asihangaike na mashine, nina mwekezaji.

"Mwekezaji wetu?" akauliza.

"Wangu," nikasema. "Lakini atakuwa wetu."

Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

2 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Angalau kuta zimekauka.

16 Aprili

Wageni wamefika. Getrude amekuja na unga wa wimbi, omena, na manung'uniko: viazi alivyombebea Liang vimetupwa na maofisa wa uwanja wa ndege mbele ya macho yake. Anavitaja kama marehemu. Mwalimu William anakula kila anachowekewa na kuuliza kinaitwaje. Kinachoniudhi ni kwamba anamwuliza Achieng.

18 Aprili

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Mwalimu alitaka twende kiwandani kwa Liang akaone viazi vikikaushwa. Nilimwambia kiwanda kinafanyiwa ukarabati. Hakifanyiwi. Ila mtu akishafika kiwandani anajua kilipo, na akishajua kilipo, mimi ni wa nini tena? Nikamwomba Liang aje mjini, nikakodi chumba cha faragha katika hoteli hapa karibu, meza ya duara yenye kioo kinachozunguka katikati. Achieng nilimchukua kwa sababu ya lugha. Nilimwambia amimine chai na atafsiri ninachosema mimi, basi.

Liang alikuja amevaa koti jepesi, mkononi kifuko cha viazi vyake vikavu, zawadi kwa wageni. Hata hajakaa vizuri, akatoa simu na kuonyesha WeChat yake iskaniwe, kama wanavyofanya wote hapa, ndiyo salamu yao. Mwalimu naye akapapasa mfukoni akatoa yake.

"Mwalimu, hiyo yako haitashika," nikamwahi. "Laini za Kenya zinasumbua huku. Nitawaunganisha baadaye."

"Mbona asubuhi nimeongea na mke wangu kwa hii hii?"

"Hiyo ni tofauti."

Akairudisha mfukoni polepole. Liang alibaki ameinua simu yake, kisha akailaza mezani kifudifudi.

Akaanza maswali. Kiazi chenu kinakaa muda gani baada ya kuchimbwa kabla hakijaharibika? Mbegu nani anachagua? Maji ya kuoshea yanatoka wapi? Getrude amechimba viazi tangu utotoni, na aliposikia swali la maji alianza kueleza kwa mikono yote miwili: kijito kile, kisima kile, jinsi kinavyopungua mwezi wa kwanza. Achieng akamgeukia Liang akaanza kumpa yote hayo moja kwa moja, bila kupitia kwangu. Nikampiga teke chini ya meza.

"Mwambie maji yapo," nikasema.

"Lakini Anti, Mama Getrude anasema kisima..."

"Mwambie yapo."

Liang alinitazama mimi, akamtazama Getrude. Akauliza kwa Kichina cha polepole, cha kunihurumia, ni nani hasa mkubwa wa wakulima. Nikajigusa kifua. Nikasema ni mimi, kuongea ni na mimi. Mwalimu William aliona ninajigusa kifua, akatabasamu kwa adabu, hajui nimesema nini.

Liang akala samaki kidogo, akashukuru, akasema barabarani kuna foleni. Nilimsindikiza mpaka kwenye lifti. Nimefurahi, kila kitu kimepita mikononi mwangu. Kitu kimoja tu kinaniwasha. Katikati ya chakula nilienda chooni, na niliporudi Achieng alikuwa amemfanya Liang acheke. Mimi katika miaka miwili hajawahi kunichekea hata meno mawili.

22 Aprili

Wageni wameondoka. Getrude alinunua mikoba mpaka mzigo ukapita uzito, tukabishana na msichana wa ndege hadi akachoka na sisi. Mwalimu aliniaga kwa mkono. Achieng alimkumbatia.

26 Aprili

Liang hajajibu ujumbe wangu.

29 Aprili

Hajajibu. Nimemtumia maua.

2 Mei

Hajajibu. Mvua.

6 Mei

Sasa najua kwa nini hajibu.

Nilikwenda Shiling kuchukua mikoba ya mteja. Bosi Chen akanimiminia chai na kunisifia mdogo wangu. Mdogo wangu yupi? Achieng, akasema, hodari sana, shemeji anamsifu, mwezi huu wanakwenda Afrika pamoja. Nilinywa ile chai ikiwa moto vile vile. Njia nzima kwenye basi nilikuwa napanga maneno, nayapangua, nayapanga upya.

Nilimkuta jikoni anakaanga mayai.

"Unasafiri na Liang."

Alizima gesi kwanza. "Nilikuwa nikuambie leo."

"Mmejuana lini?"

"Ile siku ya lunch. Ulienda washroom, aka-ni-add kwa WeChat. Mi sikumtafuta, Anti. Halafu kesho yake akaniuliza kama wale wazee walikuwa wa kukodi."

"Wa kukodi vipi?"

"Hapa si kuna watu hukodi wageni wakae kwa meeting, ndio kampuni ionekane kubwa? Alidhani umekodi Mwalimu na Mama Getrude. Juu kila akiwauliza kitu unajibu wewe. Alikuwa asha-give up kabisa. Nikampigia Mwalimu video, akazunguka na simu kwa shamba, akachimba kiazi akakivunja mbele ya kamera. Ni hivyo tu."

"Hivyo tu."

"Sasa ningefanya nini? Ningewacha iende?"

Jibu la haki lilikuwapo na nililijua. Nililimeza. Nikamwambia nilimpokea na sanduku moja, nikampa chumba, nikampa kazi, na sasa ananilipa kwa kuniibia mwekezaji. Nikamwambia najua kiwanda atakipeleka kwao Ugenya, na watu wa kwao watamwimbia, na hakuna atakayejua nani alimfuata Liang miaka miwili akimtumia maua. Kwa nini yeye? Kwa nini iwe rahisi hivyo kwake, kutoa simu tu na kucheka? Nikamwambia afungashe.

Alifungasha. Hakujibizana. Ufunguo aliuweka juu ya friji, mayai akaniachia.

7 Mei

Chumba kidogo kitupu. Amekifagia kabla ya kuondoka. Hata kwa hilo nimekasirika.

13 Mei

Mvua kubwa, zile za hapa za kila mwaka kabla ya mashindano ya mitumbwi. Maji yamefika kwenye ngazi za chini na motokaa zinapita zikisukuma mawimbi mpaka madukani. Mwavita wa ghorofa ya pili amepanda kuazima pasi kwangu. Ni mtu wa Bukavu, ananunua nywele za bandia na kuzituma kwao, na huongea bila kubembeleza. Nilimweleza yote, nikitarajia anihurumie.

"Weye uko na jalousie," akasema. "C'est tout, basi. Ule mutoto iko na akili, iko na luga, na inakuuma."

"Ameniibia, Mwavita."

"Amekuiba nini? Ule Chinois hakukuwa wako. Ulikuwa unamuficha sawa vile mwanamuke anaficha bwana ya wenyewe."

Nikamwambia achukue pasi aende.

Nimelifikiria neno lake jioni yote. Haya, ni wivu. Nimeandika. Haujapungua kwa kuandikwa.

20 Mei

Achieng ameweka picha. Uwanja wa ndege, yeye na Liang, wote wameinua vidole viwili kama watoto wa shule. Amevaa lile koti.

21 Mei

Kutwa nzima nimefungua na kufunga simu kutazama kama ameweka picha nyingine. Nikiona Ugenya kwenye picha, nitampigia mama yake na kumwambia binti amegeuka nini. Maneno nimeyapanga. Halafu nikasikia habari kwamba kwetu kunanyesha sana, na nikajikuta naomba inyeshe zaidi, barabara ikatike, gari lao likwame, Liang achafue viatu, achukie, arudi. Naomba mvua inyeshe juu ya viazi vya kaka yangu. Nimefikia hapo.

24 Mei

Odhiambo amepiga simu asubuhi ya kwao.

"Mgeni wako amefika," akasema.

"Mgeni gani?"

"Mchina. Na huyu dada Achieng. Gari lilikwama pale kwenye mteremko wa posho mill, tumelisukuma. Mchina mwenyewe alivua viatu akasukuma na sisi. Mbona hukutuambia wanakuja?"

Nikakaa chini kwenye sakafu. "Hawajapitia Ugenya?"

"Ugenya wafuate nini? Achieng anasema viazi viko huku na chama kiko huku. Anaambia kila mtu njia uliifungua wewe, yeye anaonyesha tu."

Nilimwambia mtandao unakatika.

Afadhali angekuwa mwizi. Mwizi unamchukia ukiwa umetulia, unalala vizuri. Huyu kanipita kwa lugha, kanipita kwa bahati, kanipita kwa kupendwa na mlinzi wa geti, na sasa ananipita hata kwa wema, tena nyumbani kwetu, mbele ya ndugu yangu. Amenibakizia nini mimi?

28 Mei

Mwalimu William amepiga. Sikupokea. Matunda ya lichi yameanza kuonekana sokoni, bado machachu.

29 Mei

Amepiga tena. Nilikuwa na wateja. Sikuwa na wateja.

31 Mei

Mama amepiga, na ya Mama siwezi kuacha kupokea. Hakuuliza lolote juu ya kiwanda.

"Huyu msichana anasema alikaa kwako bila kulipa kitu," akasema. "Na kwamba ulimnunulia koti la baridi kabla hajakuomba. Mbona hukuwahi kunieleza?"

"Halikuwa jambo la kueleza, Mama."

"Ni mtoto mzuri. Anaosha vyombo hapa kwangu. Anaamka mapema."

Kwangu alikuwa anaamka saa tatu.

"Umekasirika, Anyango?"

"Nimechoka tu."

"Basi pokea simu ya William. Watu wanauliza."

Wanauliza nini, hakusema, na mimi sikutaka kujua.

2 Juni

Sasa nimejua wanachouliza. Odhiambo ametuma ujumbe wa sauti, mrefu, anaongea huku akitembea.

Mambo yote yako tayari, anasema. Liang amepima maji, amepima udongo, ameonja viazi mpaka tumbo likamsumbua. Anataka kukodi kile kiwanja cha chama kilicho kando ya barabara ajenge, na atanunua kwa mizani, kilo kwa kilo. Lakini wanachama wamegoma kutia sahihi. Wanakumbuka ile kampuni ya alizeti iliyokodi mashamba yao zamani, ikang'oa miti, ikatoweka. Wanasema hivi: kama hiki ni kitu kizuri, mbona binti yetu aliye huko huko Uchina hayumo? Mbona hapokei simu ya mwenyekiti? Wamekaa wakaamua kwamba kwa kutopokea simu ninawaonya kwa heshima, sitaki kumharibia mtu jina. Liang anasubiri mkutano wa keshokutwa tu. Wakikataa, anavuka kwenda Uganda, huko nako kuna viazi na kuna watu wanaomwita.

Mimi sijasema neno baya juu ya Achieng kwa mtu yeyote wa kwetu. Wala zuri. Nimenyamaza tu, na kunyamaza kumefanya kazi ambayo kwa mdomo nisingethubutu.

Ukweli uandikwe: nilipomaliza kusikiliza, kitu cha kwanza nilichohisi ni raha. Hawawezi bila mimi. Nikaurudia ujumbe ili niisikie raha hiyo mara ya pili, na mara ya pili nikasikia kilichokuwa nyuma ya sauti ya Odhiambo. Lori lilikuwa linanguruma, na dalali alikuwa anasema ongeza, ongeza, bado halijafika. Odhiambo alikuwa ananibembeleza mimi huku akijaza lumbesa.

3 Juni

Joto. Sijafanya kitu.

4 Juni

Mwalimu William amepiga alasiri, kwao asubuhi, nikiwa Guangyuan Xilu na mteja wa nguo za watoto, katikati ya wabebaji na marobota yao. Nikapokea.

"Anyango, binti yetu," akasema. "Hatimaye. Tuko mkutanoni. Nimeweka simu kwenye meza, iko kwa spika. Wanachama wote wanakusikia."

Nilisikia watu wakikohoa, mtoto akilia, mlango wa bati ukigongagonga.

"Mkataba nimewasomea mpaka sauti imekauka, hawautaki kutoka kwangu. Wana swali moja tu kwako. Huyu Achieng umeishi naye. Ni mtu wa namna gani?"

Nilijua yuko pale pale, amekaa na Liang, anasikia. "Simjui sana" lilikuwa tayari mdomoni. Neno jepesi, na hakuna ambaye angeweza kunilaumu kwalo. Kiwanda kingevuka kwenda Uganda, Achieng angerudi mikono mitupu, na mimi mwakani ningetafuta Liang mwingine nimwongoze mwenyewe, nikisimama katikati. Nililiona lote hilo, na lilinivutia. Mbebaji akanipigia kelele nipishe robota, nikaegemea ukuta. Nikamfikiria Odhiambo akishona kofia ya gunia.

"Alikaa kwangu," nikasema. "Alikuwa na ufunguo wa nyumba yangu. Hajawahi kuchukua kitu changu."

"Basi?" Mwalimu akauliza.

"Basi. Tieni sahihi."

Walipiga makofi mpaka simu ikakwaruza. Nilingoja wamalize waniambie na mimi neno. Nikasikia mabenchi yakiburutwa, Getrude akianzisha wimbo, Mwalimu akiomba watu wapange foleni wasisukumane. Nikasikia Mama akisema, "Achieng, mwanangu, njoo ukae hapa na mimi," na Achieng akiitikia kwa Kijaluo cha kwao Ugenya, na watu wakimcheka lafudhi yake, cheko la kumpenda. Hakuna aliyeikumbuka simu pale mezani. Iliniuma. Inaniuma hata sasa ninapoandika, na sitaandika kwamba haiumi.

Mteja akanivuta mkono, akauliza kama tunapanda ghorofa ya nne au vipi. Nikamwambia angoje, kwetu kuna mkutano.